Mtoto wa Kizingitini

Ghala la mizigo la uwanja wa ndege lilikuwa limefurika asubuhi ile. Mikokoteni ya chuma iligongana, vipaza sauti vilitaja namba ambazo hakuna aliyezisikia vizuri, na foleni mbele ya dirisha la forodha ilikuwa imejikunja mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Katikati ya foleni hiyo alisimama mwanamke mrefu, suruali yake ya dangirizi ina madoa ya rangi magotini, kilemba cha bluu kimemkaa upande, na usoni ana hasira ya mtu aliyerudishwa dirishani mara tatu. Alikuwa mchoraji. Picha zake saba zilikuwa zimelala ndani ya makreti nje ya ghala, zikingoja ndege ya saa tisa kwenda kwenye maonyesho yake ya kwanza nje ya nchi, na karani alikuwa amemwambia tena kwamba fomu yake haifai.

Mwanamume aliyesimama nyuma yake alichungulia fomu hiyo juu ya bega lake bila kuomba radhi.

"Hapa kwenye aina ya bidhaa umeandika mapambo ya nyumba," alisema. "Nani kakutukana hivyo?"

"Nimejiandikia mwenyewe."

"Basi umejitukana kwa mwandiko mzuri."

Mchoraji aligeuka akiwa tayari kumpa vidonge vyake, akakuta shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, kalamu tatu mfukoni, na mihuri miwili ikining'inia kiunoni kwa kamba kama funguo za mlinzi. Alikuwa wakala wa forodha, mtu wa miaka arobaini na kidogo, na pale ghalani kila mtu, kuanzia wabeba mizigo hadi mkuu wa kituo, alimwita Bwana Mihuri. Alichukua fomu mpya, akaijaza akiwa amesimama, ameiegemeza mgongoni mwa kreti la mtu mwingine, akamuuliza urefu na upana wa kila picha na mwaka wa kuchorwa kwake. Alipofika kwenye thamani alimtazama, akamwambia aseme ukweli, maana watu wa ndege hawajui kubembeleza. Saa saba mchana makreti yalikuwa yameingia ndani. Alikataa malipo. Alichotaka, alisema, ni kuambiwa kama zimefika.

Mchoraji alimpigia siku nne baadaye, kutoka chumba cha hoteli chenye zulia la kijivu na dirisha lisilofunguka.

"Zimefika zote. Moja wameitundika kichwa chini."

"Hilo ni la kwao. Mimi niliandika upande huu juu."

"Mkurugenzi wa ukumbi anasema inapendeza zaidi hivyo."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nimechoka, na hakuna mtu hapa anayenichekesha."

Bwana Mihuri akasema kwamba kazi hiyo nayo hakuiandika kwenye fomu, lakini ataifanya. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza.

Mchoraji aliporudi, Bwana Mihuri alianza kwenda kwenye chumba chake cha kazi kila alipotoka zamu ya asubuhi. Kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo lililokuwa zamani kiwanda cha kushona sare. Mashine zilikuwa zimeondolewa, lakini vipande vya uzi vilikuwa bado kwenye nyufa za sakafu. Madirisha yalikuwa makubwa na mwanga uliingia bila kizuizi mpaka alasiri. Harufu ya tapentaini ilimpiga mgeni tangu ngazini. Kabla hajamjua mchoraji, Bwana Mihuri alidhani watu wa kazi ile huamka wanapojisikia. Sasa alimwona anavyoanza saa kumi na mbili asubuhi, anakaza turubai kwenye fremu mpaka vidole vinavimba, anapaka tabaka la kwanza jeupe, anasubiri likauke, analipiga msasa, anapaka tena. Alimwona akifuta kazi ya wiki mbili kwa kitambaa kimoja bila kusema neno. Alimwona pia akiwa kwenye kompyuta, akiwaandikia watu wa mbali barua za adabu kuhusu bima na urefu wa kuta, akinung'unika kwamba hakuna aliyemwambia uchoraji ni ukarani.

Bwana Mihuri alikalia pipa tupu la rangi, shati lake jeupe likachafuka, akaapa hatarudi, akarudi na shati kuukuu ambalo tangu siku hiyo lilining'inia nyuma ya mlango. Alimtania kwamba yeye ndiye mwanamume pekee duniani anayejua uzito wa mpenzi wake kwa kilo, pamoja na vifungashio. Mchoraji alimjibu kwamba yeye naye amempata mwanamume pekee anayeombwa busu akatafuta kwanza mahali pa kugonga mhuri. Alikuwa na miaka thelathini na minne na alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kupata mtu atakayevumilia safari zake. Mara nne kwa mwaka aliondoka. Kila mara Bwana Mihuri ndiye aliyeyatoa makreti yake, na kila mara simu yake ndiyo ya kwanza kuita alipotua.

Mwezi wa tano wa mapenzi yao, mchana mmoja wa mvua, alimweleza habari za binti yake.

Alikuwa amewahi kuwa na mtoto. Mama wa mtoto aliondoka mtoto angali mchanga, akaolewa mbali, na Bwana Mihuri akamlea akisaidiana na mama yake mzazi, nyumba moja, watu watatu. Mtoto alipofika miaka mitano akashikwa na homa siku ya Jumatatu. Alhamisi hakuwapo tena. Katika siku hizo tatu Bwana Mihuri alipitiwa na usingizi kwenye benchi la hospitali, na alipozinduka simu yake haikuwa mfukoni. Picha zote za mtoto zilikuwa kwenye simu hiyo. Iliyobaki ni moja tu ya karatasi, ya kichanga aliyefungwa shuka, macho yamefumba, ambaye angeweza kuwa mtoto wa mtu yeyote.

Hakulia alipokuwa akisimulia. Alizungumza akitazama mvua, na alipomaliza aliomba chai.

Tangu siku ile akawa anamtaja. Si kwa kukusudia. Mchoraji angekuwa anachanganya rangi, mgongo umegeuka, na nyuma yake ingetoka sentensi moja: kwamba alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi, alianguka kwenye ngazi. Siku nyingine: kwamba jino la mbele lilikuwa limeng'oka na alikuwa akipitisha ulimi pale. Kwamba alifanana na yeye baba yake, maskini. Kwamba jioni alimsubiri kizingitini mwa nyumba, unyayo mmoja juu ya mwingine, na hakukubali kuitwa ndani mpaka amwone baba yake kwenye kona. Mchoraji hakuuliza lolote. Aliogopa akigeuka maneno yatakatika.

Akaanza kumchora.

Alitaka kumpa zawadi, na katika hilo hakudanganya nafsi yake. Siku ya kuzaliwa ya Bwana Mihuri ilikuwa mbali bado, alikuwa na muda. Alichukua uso wa baba akaurudisha nyuma miaka, akapunguza taya, akafungua macho. Wiki kumi na moja alifanya kazi asubuhi, na mchana aliigeuzia picha ukutani kabla hatua hazijasikika ngazini. Na katika wiki hizo jambo likatokea ambalo lilikuwa halijawahi kumtokea kwa miaka kumi na miwili ya kushika brashi. Mtoto aliyemchora alimtazama. Alikuwa amechora nyuso mia mbili na zote zilikuwa rangi nzuri. Huyu alikuwa mtu. Mchoraji alikaa chini sakafuni, akajua kwamba hiyo ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya na huenda asifanye nyingine.

Wiki iliyofuata akaja msimamizi wa maonyesho. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya fremu nyekundu na viatu visivyotoa sauti, na alikuwa anachagua kazi za maonyesho makubwa yatakayozunguka miji mitatu kwa miezi saba. Alipita mbele ya picha zote akiitikia kwa kichwa. Halafu, bila kuuliza, akaigeuza ile iliyoelekea ukutani.

Alisimama pale muda mrefu. Kisha akasema, "Hii ndiyo maonyesho. Hizo nyingine ni za kuzibia ukuta."

Mchoraji alimwambia haipo kwenye orodha, ina mwenyewe. Msimamizi alimjibu kwamba basi mwenyewe ataandikwa kuwa ameiazimisha, itarudi salama, na kwamba bila picha hiyo hana hakika kama safari ina maana. Hakupaza sauti. Alivaa koti lake, akasema atasubiri jibu hadi Ijumaa.

Ijumaa mchoraji akakubali. Alijiambia kwamba miezi saba si miaka, na kwamba zawadi itakuwa kubwa zaidi ikirudi imeshaonekana na watu. Alijiambia atamweleza kesho. Kesho Bwana Mihuri alikuja na habari za mama yake kuumwa mgongo. Keshokutwa alikuja na furaha, na kumwambia akiwa na furaha lilikuwa jambo gumu zaidi. Wiki zikapita hivyo. Hatimaye akampa orodha ya picha ili ajaze fomu, na katika mstari wa tisa palikuwa pameandikwa: Kizingitini, rangi za mafuta kwenye turubai, sentimita tisini kwa mia na ishirini. Bwana Mihuri aliipiga chapa mwenyewe kwa vidole viwili, akipiga mluzi, hakuuliza kitu.

Siku ya kusafirisha alivaa tai. Alisema siku kubwa kama hiyo haitaki shati tupu. Mchoraji alikuwa na gauni jeusi la safari na kilemba chake kile cha bluu. Makreti sita yalipangwa kwenye sakafu ya saruji. Afisa wa forodha, kijana mwenye mafua, alisema kwa kawaida angeyapitisha tu kwa sababu ya Bwana Mihuri, lakini wiki hiyo wamepewa amri ya kufungua moja katika kila shehena. Aliyatazama yote, akajipangusa pua, akanyoosha kalamu kwenye kreti la tatu.

Mchoraji alisema lile limefungwa vibaya, afadhali wafungue la mwisho. Sauti yake ilimtoka nyembamba. Bwana Mihuri alimgeukia kwa mshangao, maana yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia ufungaji, akamwambia asiwe na wasiwasi, watalifungua polepole. Alichukua bisibisi akatoa skrubu kwa mkono wake. Akainua kifuniko, akaondoa sponji, akafunua nailoni.

Mtoto alimtazama kutoka ndani ya kreti.

Bwana Mihuri hakusogea. Mkokoteni ulipita nyuma yao ukipiga kelele. Afisa aliinama akalinganisha na karatasi, akasema ni kazi nzuri, mtoto anaonekana kama atasema kitu, akauliza ni nani. Hakuna aliyemjibu. Akadhani hawakusikia, akapiga chafya, akasema wanaweza kufunga.

"Fungeni," Bwana Mihuri aliwaambia wabeba mizigo. Akaenda mezani akagonga mihuri yake, nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikanyooka yote. Akakausha wino kwa kupuliza, kama alivyofanya kila siku.

Mchoraji alimfuata mpaka upande wa nje wa ghala, penye jua na mashine za kunyanyulia mizigo. Alimshika kiwiko cha mkono.

"Nilikuwa nakutengenezea zawadi," alisema.

"Mbona inaondoka?"

Alijaribu kumweleza. Alianza na msimamizi, akarudi nyuma kwenye wiki kumi na moja, akajikuta anamwambia kwamba ndiyo kazi bora ya maisha yake. Alipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake alinyamaza.

"Nilikupa wewe maneno hayo," Bwana Mihuri alisema. "Sikumpa mtu mwingine. Hata mama sikumwambia habari ya ulimi kwenye pengo."

"Nitaitoa. Sema neno moja tu, naitoa sasa hivi."

"Ukitoa moja makaratasi yote yanaanza upya. Ndege inaondoka saa tisa. Yote hayatakwenda."

"Basi yasiende. Sema tu."

"Usiniachie mimi hilo," alisema. "Kreti ni lako, mchoraji. Mimi ni wakala."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mchoraji kama watu wengine walivyomwita. Akaondoka kurudi ndani. Mwanamke alisimama pale akitazama saa kubwa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na nusu. Alikuwa na muda wa kuingia dirishani na kusema maneno matatu. Alisimama hadi saa saba kasoro, kisha akainua mkoba wake akaenda kwenye jengo la abiria, akapanda ndege. Baadaye, kila alipoulizwa na moyo wake ni saa ngapi hasa alipomtupa, alijua jibu.

Maonyesho yalifaulu kupita alivyowahi kuota. Picha ya kizingitini iliwekwa peke yake kwenye ukuta mzima, na ikachapishwa kwenye jalada la katalogi na kwenye mabango ya barabarani. Akitoka hotelini asubuhi kununua mkate, mtoto alimtazama kutoka kituo cha basi. Watu walisimama mbele ya picha wakilia, wengine wakamshika mchoraji mikono wasiweze kusema. Mwandishi wa gazeti alimuuliza kama mtoto huyo yu hai. Akajibu kwamba ni mtoto wa rafiki. Usiku wa jibu hilo hakulala.

Alimpigia kila siku. Siku za mwanzo Bwana Mihuri alipokea.

"Mizigo imefika?"

"Imefika. Nisikilize, mpenzi, nataka..."

"Vizuri. Nina watu dirishani."

Mwezi wa pili simu ikawa inaita mpaka inakatika. Katika mji wa pili alikaa chumba cha hoteli chenye zulia lile lile la kijivu. Alihudhuria alichotakiwa kuhudhuria, akazungumza na watu waliovaa vizuri walioshika glasi, akasema mambo kuhusu mwanga na kumbukumbu, na mdomo ulikuwa ukienda wenyewe. Hakushika brashi. Jumba moja la makumbusho likataka kuinunua picha ya kizingitini, likasema litaiweka daima. Alikataa. Msimamizi alimfuata hadi chumbani, akamwambia kwa upole kwamba anajiua mwenyewe, kwamba msanii hupata mlango kama huo mara moja. Mchoraji akamwambia zaidi ya hapo: anaiondoa picha kwenye mji wa tatu na anairudisha nyumbani. Msimamizi alivua miwani yake nyekundu, akaifuta, akasema basi kazi yao ya pamoja imeishia hapo. Miaka iliyofuata jina lake halikuonekana tena kwenye orodha za mwanamke yule wala za marafiki zake.

Hakujutia. Akiwa ndani ya ndege aliketi akiwaza tu atakavyoingia, atakavyosema, na kwamba baada ya kumpa picha angemwomba wao wawili waoane, yeye ndiye angeomba, maana yeye ndiye mwenye deni la aibu. Moyo ulikuwa umeanza kumrudi.

Ghalani alikuta wakala mwingine. Bwana Mihuri alikuwa ameomba siku ya mapumziko.

Akakodi gari dogo, akaenda na kreti moja kwa moja hadi nyumbani kwa mama wa Bwana Mihuri. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye ukuta wa rangi ya chokaa, na Bwana Mihuri alikuwa uani akirekebisha bomba la tangi la maji, suruali imekunjwa. Alikuwa amekonda. Walisalimiana kama majirani. Kabla hajasema lolote, mama alitoka akipapasa ukuta, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akauliza ni nani. Alipojibiwa kwamba ni yule mchoraji, alifurahi, akamwita mwanangu, akamshika mkono akamvuta ndani, akauliza mzigo ule ni nini.

Hapakuwa na namna ya kurudi nyuma. Dereva aliliingiza kreti sebuleni, mchoraji akalifungua, akaiegemeza picha kwenye kochi, mahali penye mwanga wa dirisha.

Mama alisogea mpaka uso wake ukawa karibu kugusa turubai. Alitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akaketi chini palepale.

"Ndiye," alisema. "Mjukuu wangu. Ndiye huyu."

Alilia kwa raha, akimshukuru Mungu na mchoraji kwa pamoja. Aliushika mguu wa mtoto kwenye picha. Akaanza kusimulia. "Na gauni hili la manjano nilimnunulia mimi. Alinisumbua sokoni mpaka nikaona aibu. Alilivaa siku tatu mfululizo, nikawa namvua akiwa amelala nifue. Unakumbuka, baba?" alimgeukia mwanawe. "Unakumbuka gauni lile?"

Hapakuwahi kuwa na gauni la manjano. Hakuna aliyemwambia mtoto alivaa nini. Rangi za sehemu ya chini ya picha zilikuwa zimepoa, zilihitaji joto, na manjano ndiyo tyubu iliyokuwa wazi asubuhi hiyo.

"Nakumbuka, mama," Bwana Mihuri alisema. Akatoka nje.

Mchoraji alimkuta kando ya tangi, bomba limefunguka, maji yanamwagika kwenye viatu vyake na yeye hayaoni. Akainama akalifunga.

"Siye," alisema Bwana Mihuri. "Naomba uamini kwamba siye."

"Naamini. Niambie nimekosea wapi. Ni pua?"

"Siku ile ghalani nilijua papo hapo. Kulikuwa na kitu hapa." Aligusa sehemu kati ya pua na mdomo wake mwenyewe. "Ningeweza kukuonyesha kwa kidole. Nikasema nitakushikia mpaka urudi. Kila siku nikitoka kazini nakaa kitandani, nafumba macho, nakitafuta. Anakuja wa kwako. Ametulia, mwanga umempiga shavuni. Wangu alikuwa hatulii. Miaka minne tangu afe nilikuwa naye, kila nikifumba macho yupo. Umemchora vizuri sana, mpenzi. Umemchora vizuri mpaka wangu amesogea akampisha."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi tangu siku ya kreti, na mchoraji aliona heri asingemwita.

"Nitaichoma," alisema. "Nitaikata sasa hivi, mbele yako."

"Umemsikia mama?"

Ndani ya nyumba sauti ya mama ilikuwa bado inaendelea, inamsimulia dereva habari za soko na gauni.

Mchoraji alimwambia hata hivyo, neno alilokuja nalo. Aliliona halina mahali pa kusimama lakini alilisema, akishika kamba ya nguo kwa mkono mmoja. Alimwomba waoane. Alisema hatasafiri tena, hatachora uso wa mtu tena, atapaka ukuta wa nyumba ikibidi.

Bwana Mihuri alimsikiliza mpaka mwisho. Alimpangusa machozi kwa kiganja chenye kutu ya bomba, kikamwachia alama shavuni.

"Nakupenda," alisema. "Hilo halijaondoka, na ningeshukuru kama lingeondoka. Lakini nikikushika mkono huu najua umefanya nini. Kila asubuhi nitakuwa nautazama ukikoroga chai. Siwezi, bibie. Nimejaribu miezi mitano kabla hujafika, na siwezi."

Hakukuwa na ugomvi. Ingekuwa afadhali kungekuwa na ugomvi.

Picha ilitundikwa sebuleni kwa mama, juu ya kochi. Bwana Mihuri alipanga chumba karibu na uwanja wa ndege, na kila Jumapili alipokwenda kumjulia hali mama yake alikaa kwenye kiti kinachoupa mgongo ukuta ule. Mchoraji naye alirudi kwenye ghorofa yake. Kwa miezi mingi hakufanya kitu ila kukaza turubai na kuzipaka nyeupe, akizipanga ukutani moja baada ya nyingine. Lile shati kuukuu nyuma ya mlango akalifanya kitambaa cha kufutia brashi, kisha akajuta. Njaa ndiyo iliyomrudisha kazini. Alichora vyumba visivyo na watu, vikapendwa kiasi, akaalikwa kwenye kumbi ndogo ndogo, akasafiri, wakala mwingine akamjazia fomu. Hakuuliza habari za mtu, na pale ghalani watu walikuwa na huruma, hawakumpa.

Miaka miwili ilipita. Asubuhi moja, katika ukumbi mdogo wa mji wa mbali, alikuwa juu ya ngazi akipima urefu wa msumari, penseli mdomoni, simu ikaita mfukoni. Aliitazama namba. Akashuka ngazi, akaketi kwenye kidato cha mwisho cha ngazi hiyo kabla ya kupokea.

"Ni mimi," alisema Bwana Mihuri. Sauti yake ilikuwa imezeeka. Alimweleza kwa ufupi kwamba mama amefariki, wamemzika Jumanne, na picha ameigawa kwa shangazi aliyeitaka. Mchoraji alimpa pole, naye akaipokea.

"Nilikwambia mambo mengi kule juu," alisema. "Kabla ya picha. Ulikuwa umenipa mgongo. Sasa hakuna mwingine aliye nayo. Naomba unirudishie."

"Mambo gani?"

"Yoyote. Niambie alivyokuwa."

Mchoraji alifumba macho. "Alikuwa akikusubiri kizingitini..."

"Hilo limo kwenye picha. Lingine."

"Kovu la nyusi."

"Limo."

"Ulimi kwenye pengo."

"Nalo limo. Tafuta ambalo hukulichora."

Mafundi wa ukumbi walipita na fremu, wakamuuliza kitu, akawapungia mkono waondoke. Alirudi kwa akili yake kwenye ghorofa ile, akajigeuza aelekee meza ya rangi, akasikiliza nyuma yake. Alikuwa anachanganya rangi nyeupe. Mvua haikuwepo siku hiyo. Bwana Mihuri alikuwa amesema kitu kuhusu ngazi, kuhusu kupanda.

"Alikuwa akihesabu," alisema polepole. "Mlipokuwa mkipanda ngazi. Nne, tano, saba. Kila siku tano, saba. Ukimuuliza sita yuko wapi anasema ametoka."

Akasikia pumzi upande wa pili, na ndani yake kitu kilichokaribia kuwa kicheko.

"Ametoka," Bwana Mihuri alisema. "Sita ametoka. Nilikuwa nimelisahau kabisa."

Alilirudia mara mbili tatu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu ufunguo.

"Lingine," alisema.

Mchoraji alitafuta. Alirudi kwenye meza ya rangi, kwenye mvua, kwenye pipa tupu, mchana baada ya mchana. Alimwona mtoto wa manjano ameketi, ametulia, mwanga umempiga shavuni. Alijaribu kupita nyuma yake. Alikaza macho mpaka yakauma.

"Subiri," alisema. "Natafuta. Usikate."

"Sikati," alisema Bwana Mihuri.

Wakakaa hivyo, simu sikioni, huku na huku.